Chasisi ya Land Rover ya mwaka 1978 imeliwa na kutu: niichomelee nyumbani au niipeleke kwa fundi?

Kijana wa Shela, Malindi

Assalamu alaikum ndugu zangu.

Nina Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Kwa miaka mingi ilikuwa ikibeba samaki kutoka Ngomeni na nazi kutoka Mambrui. Baba alipougua iliegeshwa chini ya mkanju uwani kwetu, na hapo imekaa miaka sita bila kutembea. Injini nimeifufua mwezi uliopita na inanguruma vizuri. Tatizo liko chini.

Juzi niliingia ili niisogeze kivulini, na kisigino changu kikazama sakafuni chini ya pedali. Nilipoinua mkeka wa mpira nikaona mchanga wa uwani kupitia tundu linaloweza kupitisha kikombe cha kahawa. Nikajilaza chini ya gari na kurunzi. Chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kwa nje imepakwa lami nyeusi, nayo kwa macho inaonekana nzima kabisa, lakini nilipoibonyeza kwa bisibisi karibu na springi ya nyuma upande wa kushoto, ncha ilipenya na ganda zima la lami likaniangukia kifuani pamoja na kutu iliyoachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Mikono miwili ya pembeni inayobeba bodi upande wa kushoto imeliwa hadi imebaki kama karatasi. Zaidi ya hayo, baba aliwahi kuitumbukiza mtaroni kwa upande wa mbele kushoto, na tangu hapo mlango wa kushoto haufungi mpaka uuinue kwa mkono.

Ninayo mashine ndogo ya kuchomelea ya umeme wa nyumbani, grainda, na uwanja wa saruji nyuma ya nyumba. Kuchomelea nimejifunza kwa kutengeneza mageti na vitanda vya chuma. Ninachotaka kujua ni hiki: kazi kama hii inafanyika nyumbani, na ikiwa inafanyika, nianzie wapi? Sitaki kuiuza kama chuma chakavu. Ni gari ambalo baba alitusomeshea.

Fundi wa Maweni

Waalaikumu salaam mwanangu, na Mungu amrehemu mzee wako. Nimelala chini ya magari ya pwani hii zaidi ya miaka thelathini, na Land Rover za aina yako nimezishika nyingi, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Kwanza ufahamu kinachoila gari lako. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa sababu gari hilo lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita, lakini chasisi yake na ule ukuta unaotenga injini na dereva ni chuma tupu. Chasisi ni kama boksi refu lililofungwa pande zote nne, lenye unene wa takribani milimita 2, na ndani ya boksi hilo ndimo adui anamokaa. Upepo wa kusi huleta rasharasha za bahari, barabara ya kuelekea Gongoni na Ngomeni hupita penye mashamba ya chumvi, na maji ya samaki uliyosema yalidondoka humo kwa miaka. Chumvi ikishaingia ndani haitoki yenyewe. Wewe mwenyewe umeona chumvi ya mezani inavyotota wakati wa masika hata kama hakuna aliyeimwagia maji: hunywa unyevu wa hewani. Basi ndivyo inavyofanya ndani ya chasisi, chuma hakikauki hata siku moja, na kutu huanza ndani ikitoka nje. Lami uliyoiona ilipakwa kwa nia njema, lakini imekuficha ugonjwa na imeziba yale matundu madogo ya chini ambayo kiwanda kiliyaacha ili maji yapate kutoka.

Kwa hiyo usiwashe mashine kwanza. Chukua nyundo ndogo na upige chasisi yote, pande zote, kila upana wa vidole vinne. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilichooza hujibu kwa sauti nzito kama ya gogo bichi. Kila penye sauti nzito bonyeza kwa bisibisi au tindo, na kikitoboka piga alama ya chaki. Ukimaliza utakuwa na ramani kamili. Watu wengi huchomelea tundu moja walilolijua, kisha wakagundua wameshika kiraka kwenye chuma kisichoweza kubeba hata kiraka chenyewe.

Pili, pima kabla hujakata. Gari likae juu ya stendi nne imara kwenye ile saruji yako, si juu ya jeki, na uhakikishe kwa pima maji kwamba limekaa sawa. Kisha chukua timazi ya waashi. Iteremshe kutoka kila bolti inayoshika springi kwenye chasisi, na pale ncha inapogusa sakafu weka alama ya msalaba kwa chaki. Ukiwa na alama nane sakafuni, pima kwa mshazari: kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto, kisha kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia. Gawanya chasisi katika sehemu za mbele, kati na nyuma, na kila sehemu uipime hivyo hivyo. Mishazari miwili ya sehemu moja ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5 hivi, jua chasisi imepinda. Mwisho vuta uzi mrefu chini ya kila upande, kutoka mbele hadi nyuma, uone kama kuna mahali imelala au imenyanyuka kuliko upande wa pili. Niandikie vipimo hivyo kabla hujafanya lolote jingine.

Jambo jingine ambalo lazima nilitaje: namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi. Itafute, uipige picha, na kipande hicho usikikate wala kukisaga. Namba ya chuma isipolingana na ya kwenye kitabu cha gari, utakuwa na gari zima ambalo huwezi kulimiliki mbele ya NTSA, mamlaka ya usafiri, wala polisi.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, mimi si fundi wa magari, ila nimeishi na chuma na maji ya chumvi maisha yangu yote. Kwenye mashua zenye injini tunafunga vipande vya zinki karibu na rafadha, na kutu au mliko huila zinki badala ya kula chuma. Kwa nini usifunge vipande viwili vitatu chini ya gari? Tena majahazi yetu ya mbao tangu zama za mababu hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na mbao zikadumu. Najua wenye magari hapa pwani waliokuwa wakipaka sifa chini ya gari. Harufu yake haivumiliki kwa wiki ya kwanza, lakini maji hayashiki pale ilipopakwa.

Fundi wa Maweni

Nahodha wangu, nakuheshimu, na nusu ya neno lako nalikubali. Sifa ni mafuta yanayopenya kwenye nyufa na kukauka yakiwa ngozi nyembamba, hivyo si jambo la kupuuza, ingawa yanapakwa mwisho wa kazi, kamwe si kabla ya kuchomelea, maana mafuta yoyote ndani ya boksi la chuma ni moto unaosubiri cheche.

Zinki ni suala tofauti. Kwenye mashua zinki, rafadha na chuma vyote vimezama ndani ya maji yale yale ya bahari, na hayo maji ndiyo njia inayopitisha umeme mdogo baina yao, kwa hiyo zinki hujitoa mhanga hata kwa chuma kilicho mbali nayo. Gari liko hewani. Kipande cha zinki ukikifunga kwenye chasisi kitakinga chuma cha pembeni yake tu, pale unyevu unapovigusa vyote viwili, na mita moja kando kutu itaendelea na chakula chake. Ndiyo maana kwa gari zinki hupakwa au huchovywa iguse chuma chote. Wapo watengenezaji Uingereza wanaouza chasisi mpya za Land Rover zilizochovywa zinki nzima, na hizo hudumu kweli, ila gharama ya kuileta moja mpaka Malindi wengi wetu hatuiwezi.

Na kwa kuwa tumegusa mambo ya bahari, chasisi hii ione kama mkuku, ule uti wa mgongo wa jahazi, na vile vyuma vya kukingama kama mataruma, yaani mbavu zake. Hakuna fundi wa jahazi anayeziba nyufa za ubao uliooza kwa kalafati.

Mwalimu wa Gede

Kaka yangu, mimi nimepitia njia hii na Suzuki yangu ndogo, nami nataka kukuepusha na makosa mawili niliyoyalipia.

La kwanza si langu mwenyewe. Nililipeleka gari kwa karakana fulani, likarudi likiwa limenyooka na kung'aa. Baada ya masika moja rangi ilianza kufura chini ya milango, nikaichokoa kwa kisu, ndani nikakuta fila, ule mchanganyiko laini wa kujazia mashimo ya bodi, imeshindiliwa juu ya gazeti lililokunjwa, na nyuma ya gazeti hapakuwa na chuma chochote. Fila hunywa maji. Ukiona mtu anataka kuziba tundu kwa fila, hata kama tundu ni la ukubwa wa ukucha, mkatalie.

La pili ni langu. Nilipoamua kuifanya kazi nyumbani pamoja na mpwa wangu, tulikata sakafu na ukingo wa upande mmoja wote kwa siku moja, milango ikiwa imeng'olewa. Hatukuweka mhimili wowote. Tuliporudisha mlango ulikuwa umezidi nafasi yake kwa upana wa kidole, kwa sababu gari lilikuwa limejikunja taratibu kwa uzito wake lenyewe tulipokuwa tunalikata. Milango yako iache mahali pake, ifungwe, na uchomelee kwa muda vyuma vya kushikilia kabla hujatoa kipande chochote. Kata kidogo, rudisha kidogo, jaribu mlango, ndipo uendelee.

Nikuongezee kuhusu maji. Tulioshea ndani kwa maji ya kisima cha jirani, na kisima hicho kiko karibu na ufuo. Ladha yake ilikuwa ya chumvi na sisi hatukuwaza. Tumia maji ya bomba, yale yanayotoka Baricho kando ya mto Sabaki, au maji ya mvua.

Kijana wa Shela, Malindi

Nawashukuru nyote kwa kunijibu kwa moyo. Nimeshinda siku mbili nikifanya kama fundi alivyoelekeza, mdogo wangu akishika timazi nami nikisoma futi.

Sehemu ya kati, mishazari imetofautiana kwa milimita 4. Sehemu ya nyuma, milimita 3. Sehemu ya mbele, milimita 17, na upande wa kushoto ndio uliosukumwa nyuma. Uzi haukuonyesha mahali palipolala. Kwa nyundo nimepata maeneo matano yaliyooza: mikono miwili ya kushoto, pale miguu ya dereva inapokaa, chuma cha mwisho cha nyuma mahali padogo, na lile la kwanza karibu na kishikio cha springi ya nyuma kushoto, ambalo ndilo kubwa, karibu urefu wa kiganja.

Kinachonishangaza ni mlango. Ikiwa sehemu ya kati ni nzima, kwa nini mlango wa kushoto umelala?

Fundi wa Maweni

Umefanya kazi ya kiume, mwanangu, wewe na mdogo wako, na vipimo vyako vimenieleza gari lote kana kwamba liko mbele yangu.

Mlango wa mbele wa Land Rover umening'inia kwenye nguzo ya ule ukuta wa chuma, nao ukuta umesimama juu ya mkono wa kwanza wa chasisi. Mkono wa kushoto umeliwa, mguu wa nguzo umezama, na mlango umeufuata. Mtaro hauhusiki na mlango. Mtaro unahusika na zile milimita 17 za mbele, na hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi kuliko matundu yote, kwa sababu kwenye gari hili sehemu ya usukani inayopokea mzunguko na kuupeleka magurudumuni hupita ndani ya chuma cha kukingama cha mbele. Chuma hicho kikiwa kimevutwa upande, gari halitanyooka barabarani hata ukibadilisha matairi yote.

Basi gawa kazi hivi. Mbele, pamoja na tundu la karibu na springi ya nyuma, usiviguse nyumbani. Mbele kunahitaji kufungwa kwenye kitanda cha chuma, ile fremu nzito ya kunyooshea magari, na kuvutwa taratibu kwa jeki za maji huku vipimo vikirudiwa, na pale penye springi ndipo uzito wa ekseli, mzigo na breki unapoingilia chasisi. Kiraka kikikuachia hapo uko njiani kuelekea Mombasa, ekseli inageuka kando. Vipeleke kwa fundi mwenye vifaa, ukae naye akifanya, na usiruhusu tundu lile lifunikwe kwa kipande kilichobandikwa juu. Likatwe mpaka chuma kizima, na kipya kiwe cha unene ule ule. Kiraka cha upande wa chasisi kisiwe na mshono ulionyooka wima kutoka juu hadi chini, maana mshono huo ni mstari wa kuvunjikia. Kikatwe ncha zake kwa mshazari, au kama mdomo wa samaki, ili mkazo usambae.

Sehemu ya miguu, mikono miwili na pale padogo pa nyuma ni kazi yako, na unaiweza. Lakini mbele inyooshwe kwanza, ndipo uchomelee mikono. Ukiigeuza, utakuwa umefunga bodi kwenye chasisi iliyopinda, na siku itakapovutwa kila ulichokichomelea kitapasuka au kitavuta mlango upya.

Utakapofika kwenye kuchomelea, fungua betri na utoe waya za altaneta. Tangi la petroli lililo chini ya kiti litoke kabisa na likae mbali, nazo paipu za petroli na za breki zilizo karibu uziondoe au uzikinge. Weka ndoo ya mchanga na ndoo ya maji, na mtu mmoja kazi yake iwe kutazama upande wa pili wa chuma, kwa sababu moto huanzia mahali usipopaona. Kwa chuma cha milimita 2 tumia rodi za milimita 2 au 2.5 na umeme mdogo, kuanzia ampea 50 hadi 70, ujaribu kwanza kwenye kipande cha unene huo huo. Sehemu ya miguu ni nyembamba zaidi, na ukiishikilia rodi kama unavyofanya kwenye geti utatoboa. Gusa nukta, ruka, gusa nukta upande wa pili, kisha rudi ujaze kwa vipande vya sentimita 2 au 3 na uache kipoe. Chuma kikipata joto upande mmoja mfululizo kitajivuta. Saga kutu mpaka uone chuma cheupe, na kishikio cha arthi kiume hapo hapo karibu na mshono. Ikiwa umenunua bati lenye zinki, isage itoke mahali pa kuchomelea, uwe penye upepo, kwa maana moshi wake mweupe humletea mtu homa na kutetemeka usiku. Na ngao ya uso usiivue hata kwa nukta moja: macho yatakuwasha kama yametiwa mchanga.

Baada ya chuma kupoa, paka praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Hapa kwetu chuma kilichosagwa kikilala usiku mmoja bila rangi, asubuhi kina wekundu. Mahali alumini inapokutana na chuma tanguliza rangi pande zote mbili na ukanda wa mpira katikati, kwani vikigusana penye chumvi alumini huliwa ikawa unga mweupe. Ndani ya chasisi utapuliza mafuta mazito au nta kwa mpira mwembamba, mwisho kabisa. Ukitaka sifa za Nahodha, hapo ndipo mahali pake. Mafuta machafu ya injini mimi siyapendi, yanalainisha mipira ya springi na kudondoka uwani.

Wakati unasubiri zamu kwa fundi wa kunyoosha, zibua matundu ya chini kwa waya wa breki ya baiskeli, uingize bomba, uoshe ndani mpaka maji yatoke meupe, kisha uliache gari juani siku kadhaa. Mwalimu amekwambia kuhusu maji ya kisima, mshike neno.

Kijana wa Shela, Malindi

Nimekuelewa, mzee wangu, na ninakubali kwamba mbele na pale penye springi si kazi ya uwani. Nimeshazungumza na fundi mmoja mwenye kitanda cha kunyooshea, ataniita baada ya wiki mbili.

Leo tumezibua matundu manne upande wa kushoto. Tundu la kwanza lilitoa mchanga, majani ya mkanju yaliyooza na magamba ya samaki, na maji yalitoka mekundu kwa karibu nusu saa kabla hayajaanza kupauka. Tangi limetoka. Namba ya chasisi nimeipata mahali ulipotaja, inasomeka yote isipokuwa tarakimu moja iliyofunikwa na lami. Kesho nitailainisha kwa mafuta ya taa na kuisugua kwa kitambaa, bila grainda wala brashi ya waya, kisha nitaipiga picha.